Shamba Lililoandikwa Kuwa Pori

Bi Chujio hakuwa na haraka na mafuta. Kila asubuhi alitandaza kitambaa safi juu ya sufuria, akamimina mafuta ya alizeti polepole, akasubiri. Yakishuka yote, aliyarudisha tena kwenye kitambaa. Majirani walimtania. Walisema mafuta yake huchujwa mpaka yanaona haya. Lakini ni wao hao waliogonga mlango wake wakiwa na chupa tupu, maana mafuta yake hayakuwa na tope wala harufu. Jina la Bi Chujio walimpa wao, naye akalipokea.

Mumewe aliitwa Kimya. Naye jina lilimkaa vizuri. Ukimsalimia aliitikia. Ukimuuliza neno la pili, aliangalia miguu yake. Alikuwa mtu wa kazi, asiye na ugomvi na mtu. Mama yake mzazi aliishi nao nyumba moja, na yeye hakuwa mkimya hata kidogo.

"Huyu nilimzaa mimi," alikuwa akisema, "lakini maneno yake yote nilibaki nayo mwenyewe."

Familia hii ilikuwa na mashamba mawili. La kwanza lilikuwa nyuma ya jiko. Waliliita la nyumbani. La pili lilikuwa ng'ambo ya kilima, karibu na kijito. Waliliita la bondeni. Yote mawili waliyapanda alizeti. Bi Chujio aliangalia la nyumbani, Kimya akaangalia la bondeni.

Msimu uliopita alizeti ilikubali kwa kila mtu. Tatizo lilikuja baada ya mavuno. Mwenye mashine ya kukamua mafuta hakujua kwamba wakulima wangevuna nyingi kiasi kile. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua. Yeye alikuwa ameshaagiza mbegu kutoka mbali, na ghala lake lilijaa. Wakulima wakarudi na magunia yao nyumbani.

Magunia ya Bi Chujio yalipangwa chumbani kwa mama mkwe. Panya walineemeka. Kisha unyevu ukaingia, mbegu zikaota ukungu. Zile zilizobaki zilitoa mafuta machungu. Bi Chujio alichuja, akachuja tena, lakini uchungu hauchujiki. Aliyamwaga, akafua kitambaa chake na kukianika.

Ndiyo maana kikundi cha wakulima kiliamua kuomba msaada. Walitaka kujua mapema nani amepanda nini, mimea inaendeleaje, na mavuno yatakuwaje. Na ndiyo maana asubuhi moja pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Kimya.

"Hodi," ilisema sauti ya kike.

"Karibu, mwanangu," alijibu mama mkwe. "Pita ndani."

Mgeni alikuwa bibi shamba, binti mwenye buti zenye matope na simu kubwa mkononi. Alikalishwa kwenye kiti kizuri. Alimwamkia mama mkwe, akamwamkia Kimya, kisha akaeleza kilichomleta.

"Mwaka huu tunafuatilia mazao ya mbegu za mafuta," alisema. "Alizeti, ufuta, karanga. Tunatumia picha za setilaiti. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia huko juu sana. Kila baada ya siku chache kinapita hapa na kupiga picha ya mashamba. Tukiona zao limeanza kupauka, tunamtumia mwenye shamba ujumbe kwa simu."

Mama mkwe aliinua macho kuangalia dari.

"Mimi naoga uani," alisema. "Kumbe hicho chombo kinaniona?"

Bibi shamba alicheka. "Hakikuoni, bibi. Picha zake si za kuona mtu. Kwenye picha hizo nyumba yenu nzima ni doa moja tu."

"Afadhali. La sivyo ningewatoza kiingilio."

"Lakini picha peke yake haitoshi," aliendelea bibi shamba. "Chombo kinaona rangi, hakijui jina. Kinaona kijani, lakini hakiwezi kuwa na uhakika kama ni alizeti, ufuta au majani ya porini. Jina la zao analijua mkulima. Kwa hiyo napita nyumba kwa nyumba nauliza. Baba, mwaka huu umepanda nini, na wapi?"

Kimya aliangalia miguu yake.

"La nyumbani ni alizeti," alisema.

"Na lile la bondeni?"

"La bondeni limelala. Sikulipanda."

Bi Chujio alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Vikombe viligongana. Wiki iliyotangulia walikuwa wamepanda shamba la bondeni lote, yeye na mumewe, hadi viuno vikawauma. Alimtazama Kimya. Kimya hakumtazama. Bi Chujio hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya mgeni. Alimeza neno lake, akaweka sinia mezani.

Bibi shamba aliandika kwenye simu yake. Shamba la bondeni: pori.

Pikipiki ilipoondoka, Bi Chujio alikaa karibu na mumewe.

"Mume wangu, mbona umesema vile?"

"Nilipokuwa mdogo," alisema Kimya, "walikuja watu kumuuliza baba ukubwa wa shamba lake. Watu wapole, wanacheka vizuri kama huyu. Baba akawaonyesha kila kitu. Baadaye ikapita barabara, ikala kipande chote kizuri. Hatukuelezwa lolote."

"Lakini huyu hakupima. Ameuliza tu."

"Kuuliza ndiko kunakoanzia."

Yalikuwa maneno mengi kwa mtu kama Kimya. Bi Chujio aliona kwamba hofu ya mumewe ilikuwa ya kweli. Hakumbishia. Lakini moyo wake haukutulia.

Mvua ziliendelea vizuri. Alizeti iliota, ikasimama. Kisha siku moja Kimya aliteleza akilima, jembe likamkata mguu. Kidonda kilikuwa kikubwa. Muuguzi alimshona na kumwambia akae nyumbani hadi kipone. Njia ya bondeni ilikuwa matope matupu, na mtu wa kwenda huko hakuwepo. Bi Chujio aliosha kidonda, akapika, akachota maji, akauza mafuta. Hata shamba la nyumbani hakulipalilia kwa wakati. Nayo mvua haikukoma.

Asubuhi moja jirani yao aliingia bila hodi. Huyu walimwita Mama Redio, kwa sababu habari zikimfika asubuhi, kufika mchana kila mtu anazo. Mkononi alishika simu yake.

"Jirani, nisomee hapa tena, nisije nikawa nimeota," alisema.

Bi Chujio alisoma ujumbe kwa sauti. "Shamba lako la kilimani limeanza kupauka upande wa juu. Tafadhali nenda ukakague leo. Ukiona tatizo, mpigie bibi shamba."

"Nimetoka huko sasa hivi," alisema Mama Redio. "Mimi kwa macho yangu nilikuwa naona kijani tu. Nimegeuza majani, nimekuta viwavi chini yake. Wadogo wadogo, ndio wanaanza. Bibi shamba ameniambia tuwaokote leo, tena kesho tukague, kabla hawajasambaa. Ningekaa wiki moja zaidi, ningewakuta wamemaliza."

Bi Chujio alimrudishia simu. "Na sisi la bondeni hatujaletewa ujumbe wowote," alisema taratibu.

"Basi lenu ni zima," alisema Mama Redio, akaenda zake.

Lakini Bi Chujio alijua kwamba sivyo ilivyo. Shamba lao halikuletewa ujumbe kwa sababu liliandikwa pori. Nani atamwambia mtu kwamba pori lake linapauka?

Alivaa buti za mumewe, akashika fimbo, akapanda kilima na kuteremka upande wa pili.

Aliona maji kabla ya kuona shamba. Mtaro wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na matawi na udongo ulioletwa na mvua. Maji yalikuwa yametuama kona yote ya chini. Alizeti za kona hiyo zilikuwa zimelala, mashina yao meusi karibu na udongo. Za katikati zilikuwa zimesimama, lakini majani yao ya chini yalikuwa ya manjano. Za juu tu ndizo zilizokuwa na afya. Bi Chujio aling'oa mche mmoja wa kona ya chini. Ulitoka bila kupinga. Mizizi ilinuka kuoza.

Aliporudi, alimkuta Kimya amekaa barazani, mguu wake juu ya kigoda. Alimwekea ule mche mbele yake.

"Kona ya chini imekufa," alisema. "Katikati panaumwa. Mume wangu, nampigia yule binti, na nitamwambia ukweli."

Kimya aliuchukua mche, akaugeuza, akaunusa.

Mama mkwe alikuwa akichambua mboga pembeni. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Nawe umeficha shamba zima."

Kimya alishusha pumzi. "Mpigie," alisema. "Au nipe simu. Nitasema mwenyewe."

Bibi shamba alikuja mchana ule ule. Kimya alitembea naye hadi bondeni kwa mkongojo, mkewe akimshika mkono mwingine. Bibi shamba alichutama, akachimba kidogo kwa kisu, akaangalia mizizi ya kona ya chini, kisha ya katikati.

"Mizizi nayo inapumua," alisema. "Maji yakijaa kwenye udongo, hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza. Hii ya chini imeshakwenda. Lakini ya katikati bado ni myeupe, tazameni. Mkifungua mtaro haraka, itapona."

Kisha alitoa simu yake, akawaonyesha picha. Bi Chujio aliona kilima, kijito, na shamba lao likiwa kipande kidogo chenye pembe nne.

"Hii ni picha ya mapema," alisema bibi shamba. "Kipande chote ni kijani. Baada ya siku hiyo kulikuwa na mawingu mengi, hatukupata picha nzuri. Hii ndiyo iliyofuata. Mnaona kona ya chini?"

Kona ya chini ilikuwa imebadilika rangi.

"Kuna mwanga ambao jani zima huurudisha juu, lakini macho yetu hayauoni," alieleza. "Chombo kinauona. Jani likianza kuumwa, mwanga huo unapungua. Ndiyo maana chombo kinaweza kushtuka kabla yetu. Hapa kilishtuka mapema. Sisi tukaangalia tulichoandika, tukaona ni pori. Tukapita."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana Kimya aliumia zaidi.

"Niliogopa mtalichukua," alisema. Akamweleza habari ya baba yake na ile barabara.

Bibi shamba alimsikiliza hadi mwisho. "Hofu yako ni ya haki, baba," alisema. "Ningekuwa mimi ningeogopa pia. Nilipokuja mara ya kwanza nilipaswa kukueleza haya kabla ya kuuliza. Majina yenu yanabaki kwa kikundi. Mwenye mashine ya mafuta anapewa jumla tu, hapewi shamba la mtu mmoja mmoja. Tena una haki ya kuniambia, 'Sitaki kujibu.' Ukisema hivyo, mimi nabaki sijui, na nitaandika kwamba sijui. Lakini jibu lisilo la kweli linanifanya nidhani najua."

Kimya aliitikia kwa kichwa polepole. "Futa pori," alisema. "Andika alizeti."

Waliporudi nyumbani, bibi shamba aliangalia tena simu yake. "Angalau hili la nyumbani lina afya nzuri," alisema. "Kwenye picha ni kijani kilichokolea, kuliko mashamba mengine yote ya huku."

Bi Chujio na mumewe walitazamana. Bi Chujio akaanza kucheka.

"Njoo nyuma ya jiko," alisema.

Huko nyuma magugu yalikuwa yamefika magotini. Alizeti zilichungulia katikati yake kama watu waliokwama sokoni. Bibi shamba alisimama akashika kiuno.

"Kwa hiyo kile chombo chenu kimesifia magugu yetu," alisema mama mkwe. "Basi na mimi kesho nitakipelekea nywele zangu zisizosukwa."

"Ndiyo sababu nauliza, bibi," alisema bibi shamba, naye akicheka. "Kijani ni kijani. Bila ninyi kuniambia, ningeandika kwamba hapa mtavuna kuliko wote."

Habari ya mtaro uliozibwa haikuhitaji mbiu, kwa kuwa Mama Redio alikuwepo. Kesho yake asubuhi watu walifika na majembe. Wengine walifungua mtaro wa bondeni, wengine wakapalilia la nyumbani. Kimya hakuweza kuchimba. Alikaa juu ya jiwe akanoa majembe ya wenzake, akimwambia asante kila aliyeleta jembe, jambo ambalo kwake lilikuwa kama hotuba. Jioni maji yalianza kutembea. Yalipita kwenye mtaro taratibu, yakiwa ya rangi ya udongo, yakaelekea kijitoni.

Bi Chujio alikwenda kule kila alipopata nafasi. Majani mapya ya katikati yalitoka madogo, lakini ya kijani. Kona ya chini haikurudi. Hiyo walishaipoteza.

Kikundi kilipokutana, Kimya aliomba kusema. Watu walidhani wamesikia vibaya. Mwenyekiti alimpa nafasi, na chumba chote kikatulia.

"Mimi niliandikisha pori," alisema Kimya. "Halikuwa pori. Alizeti yangu ikafa maji, na picha ilikuwepo, na mtu wa kuniambia alikuwepo. Basi."

Alikaa. Kisha mzee mmoja alikohoa, akasema kwamba hata yeye aliandikisha eneo kubwa kuliko analolima, akitumaini mbegu za msaada zitaongezwa. Mama mmoja akasema kuwa mumewe alitaja alizeti, lakini nusu ya shamba ni ufuta, tena ameupanda yeye. Watu waliguna, wengine walicheka, na wengi zaidi wakanyoosha mikono. Bibi shamba alibaki pale hadi watu wote walipokwisha, akirekebisha majibu mmoja baada ya mwingine. Alibadilisha na mpango wake mwenyewe. Tangu siku ile hakumhoji mume peke yake. Aliuliza kila nyumba, "Nani analima shamba lipi?" na akamuuliza anayelilima.

Alizeti zilipochanua, mashamba yalikuwa ya manjano hadi kilimani. Bibi shamba alisema hata kwenye picha manjano ile inaonekana, na kwamba huo ndio wakati mzuri wa kuitofautisha alizeti na mimea mingine. Vichwa vilipokauka, alirudi na kamba. Alipima kipande kidogo cha mraba katika shamba la bondeni, wakavuna kipande hicho peke yake, wakapukuchua, wakapima uzito. Akafanya hivyo katika mashamba mengine pia.

"Hiki kipande kinatusaidia kukadiria mengine," alimwambia Bi Chujio. "Picha inatuonyesha alizeti iko wapi na ina afya gani. Kipande hiki kinatuonyesha alizeti ya namna hii inazaa kiasi gani. Tukiunganisha, tunapata jumla ya eneo lote kabla hamjavuna."

"Na ile kona iliyokufa?" aliuliza Bi Chujio.

"Nayo tumeihesabu kuwa haina kitu."

"Sawa. Maana haina kitu kweli."

Kikundi kilipeleka makadirio kwa mwenye mashine mapema, vichwa vikiwa bado shambani. Safari hii hakuagiza mbegu kutoka mbali. Alisafisha ghala lake, akaongeza fundi wa pili kwenye mashine. Wakulima walivuna, wakapura, wakapepeta, wakaanika hadi mbegu zikawa zinalia mkononi kwa ukavu. Lori lilikuja siku iliyopangwa. Makadirio hayakulingana sawasawa na mavuno, yalikuwa chini yake kidogo, lakini hakuna aliyerudi nyumbani na gunia asilotaka kubaki nalo.

Bi Chujio alibakiza mbegu zake za kukamua. Mafuta yalitoka mepesi, yenye harufu ya mbegu mpya. Mashudu yaliyobaki baada ya kukamua waliwapa kuku. Kwa mavuno yale walinunua mabati, wakaezeka upya upande wa jiko uliokuwa ukivuja. Mguu wa Kimya ulipona. Ulibaki na kovu tu, na mama yake alilitumia kumkumbusha mtaro kila alipochelewa kuondoka kwenda bondeni.

Kabla ya mvua nyingine, wakulima wa bondeni walikutana tena. Safari hii hawakungoja mtaro uzibe. Waliuchimba wote, kutoka juu hadi kijitoni, wakakubaliana zamu za kuukagua kila mvua kubwa inaponyesha. Kimya na mkewe waliamua kuiacha kona ya chini bila kupanda, hadi watakapoona kama maji hayarudi tena.

Bibi shamba alikuja mara tu watu walipomaliza kupanda. Alipiga hodi, akakaa, akaeleza kwanza majibu yatatumikaje na nani atayaona. Kisha akamgeukia Bi Chujio.

"Mama, la nyumbani?"

"Ufuta, mwaka huu. Tumepanda juzi, kwa mistari. Na ukiona kijani kinakolea kabla ya wakati wake, nipigie simu. Hayo ni magugu."

Bibi shamba aliandika akitabasamu. "Baba, na la bondeni?"

"Alizeti," alisema Kimya. Bibi shamba alikuwa ameshainamia simu yake, lakini Kimya alikuwa hajamaliza. Alisimama, akamwonyesha kwa mkono upande wa kilima.

"Kona ya chini hatujapanda kitu," alisema. "Ikionekana tupu huko juu, msihangaike kutuletea ujumbe. Ni sisi tumeipumzisha."

Bibi shamba aliandika na hilo pia.